Kwangu ni Mamoja: Kujali na Kutojali katika Kijerumani na katika Kiswahili cha Pemba

Mzungumzaji wa Kiingereza anayejifunza Kijerumani hujikwaa mapema, na aghalabu hujikwaa mahali pamoja, napo ni pale anapotaka kusema kwamba jambo fulani halimshughulishi. Lugha yake imemzoesha kuanza na nafsi yake, kisha kitenzi, kisha jambo lenyewe, kwa hiyo hulichukua neno la Kijerumani lenye maana ya "mimi", ambalo ni "ich", akalitanguliza, na sentensi inayotoka ama haieleweki ama inasema asilolikusudia. Anayesema "ich bin egal" akidhani ametamka kwamba hajali, ametamka kwamba yeye mwenyewe ndiye asiyejaliwa na mtu. Mjerumani huliingia jambo hilo kwa mlango wa pili, akasema "das ist mir egal", yaani hilo, kwangu, ni sawasawa. Msomaji wa Pemba akiyapima maneno hayo moja moja atatambua kwamba hana kanuni mpya ya kujifunza hapo isipokuwa msamiati, kwa sababu tangu utotoni amekuwa akisema "kwangu ni mamoja", na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "mimi ni mamoja".

Hata hivyo Mpemba naye hujikwaa papo hapo, na lawama haiiangukii lugha yake bali njia anayopitishwa. Vijana wa Chake Chake, Wete na Mkoani wanaojifunza Kijerumani, wengine ili watembeze wageni na wengine kwa matumaini ya kwenda kusoma Ujerumani, kwa kawaida hutegemea vitabu na programu za simu ambazo maelezo yake yameandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza, na hivyo hurithi hata makosa yasiyokuwa yao. Kila sentensi huitoa katika Kiswahili, wakaipeleka katika Kiingereza, ndipo wakaifikisha katika Kijerumani, mfano wa mtu wa Wete anayetaka kwenda Tanga, bandari iliyo ng'ambo ya mkondo tu, akapanda meli ya Unguja, akateremka Dar es Salaam, kisha akapanda basi kurudi kaskazini.

Mzunguko huo una historia yake. Kwa mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Pemba, pamoja na Unguja, Mafia na ukanda mwembamba wa pwani, ni mali ya Sultani wa Zanzibar, na kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ule uliohusu pia kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini, Ujerumani ikakubali kwamba Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Bara iliyo mbele ya Pemba, Tanga ikiwamo, ilibaki mikononi mwa Wajerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka huo wa baharini ungali unasikika vinywani mwa watu: mtoto wa Tanga huenda shule, neno lililotoka katika "Schule" ya Wajerumani, na mtoto wa Chake Chake huenda skuli, neno alilolipata kwa Mwingereza. Kwa hiyo kilichompa Mpemba Kiingereza kama dirisha la kutazamia Ulaya yote ni kalamu ya wanadiplomasia, na si ukaribu wowote wa maumbile baina ya Kiingereza na lugha yake.

Wako waliovuka moja kwa moja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa amelelewa katika Kiarabu na Kiswahili. Miaka mitatu baadaye mumewe akafariki kwa ajali, akabaki na watoto watatu katika nchi ya ugeni, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Huko Berlin, ambako chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa mwaka 1887, Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1890, na baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa marafiki wa mwanzo wa serikali mpya ya Zanzibar, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Michenzani zina mkono wa wataalamu wake, mtindo ambao ulivuka hadi miji ya Pemba. Hata popo mkubwa wa kisiwa hiki, yule anayelala mchana katika miti ya Kidike, amebeba katika jina lake la kisayansi, Pteropus voeltzkowi, jina la Alfred Voeltzkow, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyefika Pemba mwaka 1903. Kijerumani, basi, si mgeni kabisa hapa. Kilichokosekana ni mtu wa kukifundisha kutoka katika Kiswahili.

Neno linalostahili kufunguliwa kwanza ni hilo "mir" la "das ist mir egal". Kijerumani hubadilisha umbo la kiwakilishi kwa kufuata kazi yake katika sentensi, na "ich", ambalo ni umbo la mtenda, hugeuka "mich" mtu anapotendwa, na "mir" jambo linapomfikia au linapofanywa kwa ajili yake. Hali hii ya tatu wanasarufi wa Kijerumani huiita Dativ, na ndiyo inayowatesa wanafunzi wa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza kimeipoteza tofauti baina ya umbo la pili na la tatu kwa karne nyingi. Kiswahili hakina maumbo hayo matatu ya kiwakilishi, lakini kina kiambishi cha yambwa, yaani ile silabi inayokaa kabla ya mzizi wa kitenzi kumwonyesha aliyepatwa na jambo, na kwa kiambishi hicho Mswahili hueleza sehemu kubwa ya mambo ya moyo: imenisikitisha, limenikera, hainihusu, yamenifika. Katika maneno yote hayo mtu hakutenda kitu, bali amekaa mahali pake na jambo ndilo lililomjia. Mjerumani vilevile hasemi "mimi ni baridi" anapohisi baridi, husema "mir ist kalt", na mwanafunzi wa Kiingereza anayesema "ich bin kalt" hueleweka kuwa anausifia moyo wake kwa ukavu. Mpemba anayesema "nasikia baridi" hawezi kuingia katika shimo hilo, maana kwake baridi ni kitu kinachosikika kikija kutoka nje.

Ukaribu huo unazidi kuonekana katika maneno ya kutojali yaliyo mapole. Kando ya "egal", neno lililoazimwa kutoka Kifaransa lenye maana ya usawa, Mjerumani ana "gleich", ambalo ni neno lake mwenyewe la "sawa", na ana pia "einerlei", ambalo limejengwa juu ya "ein", yaani moja, na humaanisha kuwa vitu viwili ni vya namna moja. "Es ist mir einerlei" na "kwangu ni mamoja" ni sentensi moja iliyovaa nguo mbili. Mgeni akiulizwa atakunywa chai ya maziwa au ya rangi, akajibu "sawa tu" au "mamoja", hakuidharau chai wala mwenyeji, bali ameepuka kumtwika mwenyeji kazi ya ziada. Na Mjerumani anayejibu "egal" huku akitabasamu amefanya lilo hilo. Kisichofundishwa vitabuni ni kwamba neno lilelile, likitamkwa kavu na kwa mkato, huwa tusi dogo, na kwamba kwa mtu anayestahili heshima ni bora kusema "das überlasse ich Ihnen", maana yake nakuachia wewe, kama vile ambavyo kijana wa Pemba hamwambii mjomba wake "mamoja", bali husema "utakavyoona wewe, mjomba".

Kundi la pili ni la maneno ya kusamehe madhara. "Haidhuru" limetokana na Kiarabu na maana yake ya asili ni kwamba jambo halileti madhara. Mjerumani anayekanyagwa mguu ndani ya gari moshi husema "das macht nichts", hilo halifanyi kitu, au "das schadet nichts", hilo halidhuru kitu, na msemo huu wa pili ungeweza kuchukuliwa ni tafsiri ya haidhuru kama pasingekuwa na bahari na jangwa baina ya wasemaji wake. Tofauti ndogo ipo, nayo inastahili kutajwa: haidhuru ya Kiswahili imepanuka hadi kubeba maana ya kukubali yasiyoepukika, ilhali "macht nichts" hubaki katika ajali ndogondogo. Kwa yasiyoepukika Mjerumani hupachika kijineno "halt" au "eben" katikati ya sentensi, akasema "das ist halt so", na kijineno hicho, ambacho walimu wengi huwaambia wanafunzi wao kuwa hakifasiriki, hufanya kazi iliyo karibu sana na ile ya "ndo": ndo hivyo.

Kuuliza hali ya mtu ni kumjali kwa kiwango cha chini kabisa, na hapa pia milango imeelekeana. Mjerumani huuliza "wie geht es dir?", yaani yanakwendaje kwako, na hamfanyi aulizwaye kuwa mtenda, na Mswahili huuliza "hujambo?", swali ambalo, likifumuliwa, huuliza kama hakuna jambo lililompata mtu. Anayemwona mwenzake amejiinamia barazani humuuliza "una nini?", na Mjerumani naye huuliza "was hast du?", neno kwa neno, wakati mtu wa Kiingereza huuliza ni kitu gani kilichoharibika. Pemba hujambo ina ukunjo wake wa pekee, kwa kuwa jibu lake ni sijambo hata kwa mtu mwenye homa, na anayetaka ukweli lazima aulize mara ya pili na ya tatu, juu ya watu wa nyumbani, juu ya watoto, juu ya kazi, ndipo mgonjwa apate nafasi ya kusema kwamba usiku hakulala. Mjerumani hutarajiwa kujibu swali lilelile mara moja na kwa kiasi fulani cha ukweli. Mwanafunzi wa Pemba anayesema "gut, danke" huku anaumwa, akingojea aulizwe tena, huenda asiulizwe, na akamhesabu mwenzake kuwa mtu asiyejali, kumbe mwenzake ameridhika kwa jibu alilopewa.

Kiingereza huyapakia haya yote katika chombo kimoja, kitenzi "care", ambacho hubeba kupenda, kutunza, kuhangaika, kutaka na, kikikanushwa, kutojali. Kijerumani na Kiswahili hugawa mzigo. Katika Kijerumani kuna mzizi uliozaa "Kummer", nao ni huzuni nzito. Ukazaa "bekümmern", kumtia mtu huzuni. Ukazaa "sich kümmern um", kulishughulikia jambo. Na ukazaa hata "verkümmern", kudumaa, kama udumaavyo mche wa mkarafuu usiopaliliwa. Kiswahili kina ukoo wa shughuli: kushughulika ni kuwa na kazi au fikra juu ya jambo, kushughulikia, ambalo liko katika kauli ya kutendea, ni kulifanyia jambo kazi yake, na kushughulisha, ambalo liko katika kauli ya kutendesha, ni kumpa mtu mwingine mzigo wa fikra hizo. Kazi ambayo Mswahili huifanya kwa kurefusha mwisho wa kitenzi, Mjerumani huifanya kwa kuongeza silabi mbele yake au kihusishi baada yake, kwa hiyo anayezijua kauli za Kiswahili hana sababu ya kuviogopa vihusishi hivyo. "Ich sorge für meinen Bruder" ni namtunza ndugu yangu, kwa kuwa "für" ni kwa ajili ya. "Ich sorge mich um meinen Bruder" ni nina wasiwasi na ndugu yangu, kwa kuwa "um" asili yake ni kuzunguka, na wasiwasi kweli humzunguka mtu. Mtu wa Kiingereza hutenganisha haya kwa shida, na Mjerumani anayemsikia akivichanganya hubaki asijue kama ndugu huyo analishwa au anasubiriwa.

Mgawanyo huo baina ya kujali kwa moyo na kujali kwa mkono huonekana vizuri zaidi wakati wa msimu wa karafuu. Karafuu zilizochumwa na kuchambuliwa huanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba kwa siku kadhaa, na wingu likitanda ghafla husikika sauti moja tu, "mvua!", kisha kila aliye karibu, awe jirani, mpita njia au mtoto aliyetumwa dukani, huinama kuanua, akikunja pembe za jamvi ili karafuu zikusanyike katikati, maana karafuu zilizolowa hupoteza rangi na bei. Hakuna anayeulizwa kama anajali. Aliyesimama akatazama hatashutumiwa siku hiyo, lakini litakuja wingu jingine naye karafuu zake ziko uani. Kwa kitendo hicho cha kuanua, Kijerumani kitataka "sich kümmern", na mwanafunzi akitumia "sich sorgen" atakuwa amemweleza jirani aliyebaki barazani akisikitika huku mvua inanyesha.

Wasiwasi wenyewe ni habari nyingine. Neno hilo Waswahili wamelipata katika Kiarabu, ambako ni mnong'ono wa shetani unaoingia kifuani mwa mtu, na Mwislamu wa Pemba hulisikia kwa maana hiyo ya asili kila inaposomwa sura ya mwisho ya Kurani. Kwa hiyo kwa Mswahili wasiwasi ni kitu kinachoingia kutoka nje, na mtu anaweza pia kujitia mwenyewe: "usijitie wasiwasi". Mjerumani husema "mach dir keine Sorgen", usijifanyie wasiwasi, na hilo "dir" linalowasumbua watu wa Kiingereza, ambao kwao kuhangaika ni kitenzi kimoja kisichohitaji mtu wa pili, si jingine ila ile "-ji-" ya Kiswahili iliyokaa baada ya kitenzi badala ya kukaa ndani yake. Anayekumbuka hivyo hatalisahau.

Kisiwa kina maneno mengi ya hali hii kuliko yanayohitajiwa na watu wa bara, na bahari ndiyo sababu. Meli ikichelewa kutoka Unguja, waliokuja kupokea watu wao katika gati la Mkoani hawasemi kwamba wana wasiwasi. Husema roho iko juu, au moyo hauwapi, au wana wahka. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ambapo MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa safarini kuja Pemba na mamia ya watu wakafariki, kuchelewa kwa chombo si jambo ambalo mtu wa hapa hulichukua kwa wepesi. Kijerumani kina "mir ist bange" kwa hofu ya namna hiyo, na safari hii tena mtu ni "mir", hofu ndiyo iliyomkalia.

Upande wa kutojali kwa ukali ndipo Kijerumani kinapofunguka na kuanza kucheza. "Das ist mir Wurst" maana yake kwa neno ni kwamba jambo hilo, kwangu, ni soseji, na Mwislamu wa Pemba anaweza kulisema bila ya nguruwe kupita mdomoni mwake. "Das ist mir schnuppe" ni nzuri zaidi, kwa kuwa "Schnuppe" ni ile ncha ya utambi iliyoungua na kuwa kaa, ambayo hukatwa na kutupwa ili taa iwake vizuri. Aliyelelewa kwa mwanga wa koroboi anaijua ncha hiyo, anajua inavyochafua vidole na inavyotupwa bila kutazamwa inakoangukia, na ataielewa sentensi kuliko Mjerumani kijana wa leo ambaye hajawahi kushika utambi. Kimondo kinachokatiza mbinguni Wajerumani hukiita "Sternschnuppe", kaa la utambi wa nyota. Hapa pia ndipo hoja ya mtu anayejiwa na jambo inapovuja kidogo, na ni haki kulisema hilo: Mjerumani aliyechoka husema "ich pfeife darauf", nalipigia mluzi, akiwa yeye ndiye mtenda kwa ukamilifu, na Mswahili naye ana "sijali", ambayo huanza na nafsi kama Kiingereza. Lakini sijali ya Pemba si neno la kila siku. Husikika zaidi kwa mtu aliyekwisha kukasirika, yaani mtu anayejali sana.

Maneno ambayo Wapemba huyatumia kweli ni ya kujitoa ndani ya jambo. "Sina habari naye" husemwa na mtu ambaye kwa hakika anazo habari zote, mpaka ya jana jioni, isipokuwa ameamua kwamba hazimfikii. "Mimi simo" hufunga mlango kabla hodi haijapigwa. "Yangu macho" ni ya hatari zaidi, kwa sababu msemaji amejivua wajibu lakini hakuondoka, amebaki kutazama mwisho wake. "Shauri yako" humrudishia mtu jambo lake, na ina joto la onyo ndani yake, Mjerumani angesema "das ist deine Sache", hilo ni jambo lako, na kwa "yananihusu nini?" ana "was geht mich das an?", ambayo ni mfano mwingine wa jambo linalomwendea mtu. Kwa "sina habari naye" Kijerumani hakina kitu kinachotosha. "Er ist mir egal" ni baridi mno na ya haraka mno, haina ile ladha ya jicho la pembeni ambayo mwanamke wa Pemba anaweza kuitia katika kanga aliyoichagua kwa maandishi yake na kuivaa siku ambayo anajua atakutana na anayehusika.

Kuna jambo moja ambalo Mjerumani na Mwingereza, licha ya tofauti zao zote, hushindwa kulielewa kwa pamoja wafikapo kisiwani, nalo ni "pole". Mgeni anayejikwaa katika jiwe akipanda kutoka ufukweni huambiwa pole na watu watatu ambao hawakuliweka jiwe hapo, na hushangaa kwa nini wanaomba radhi. Neno la Kiingereza "sorry" hubeba kuomba radhi na kusikitika kwa pamoja, na "es tut mir leid" ya Kijerumani, ambayo kwa neno husema kwamba jambo linanifanyia uchungu, hubeba vilevile yote mawili. Kiswahili kimeyatenganisha: mwenye kosa huomba radhi au husema samahani, na asiye na kosa husema pole, na kuyachanganya ni kosa la adabu kabla ya kuwa kosa la lugha. Anayemfundisha Mjerumani Kiswahili hana budi kuvunja "leid" mbili. Anayemfundisha Mpemba Kijerumani hana budi kumtuliza kwamba atakaposema "es tut mir leid" kwa aliyefiwa hatakuwa amekiri kumuua marehemu.

Kwa msiba wenyewe Kijerumani kina neno lake la heshima, "Beileid", lililoundwa kwa "bei", yaani karibu na, na "Leid", uchungu, kwa hiyo anayesema "mein Beileid" hueleza kwamba anakaa karibu na uchungu wa mwenzake. Pemba ukaribu huo hautamkwi, hukaliwa: watu hutandika mikeka, huja, hupeana mkono, hukaa kitako kwa muda mrefu bila maneno mengi, wengine siku tatu mfululizo, na aliyekuja akasimama mlangoni akasema neno lake akaondoka atahesabiwa kwamba hakuja. Kisha liko jibu. Pole ya Kiswahili ina jibu lake, na kwa Mzanzibari jibu hilo ni nshapoa, na kwa wafiwa ni tushapoa, kitenzi ambacho maana yake ni kupungua moto na kupona, na mfiwa hulitamka siku ya kwanza, maiti akiwa bado ndani, wakati ambapo hakuna aliyepoa. Mjerumani aliyeambiwa "mein Beileid" hujibu "danke", ahsante, neno lilelile analolitoa akipewa chumvi mezani. Mwanafunzi wa Kipemba akiuliza mahali pa tushapoa katika Kijerumani, mwalimu hana pa kumwonyesha.